Meloni Zilizoiva Tukiwa Hatusikii Harufu

Nadine mwanangu,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo, mizigo ikiwa mlangoni, kwa hiyo hapa naziruka. Naruka pia habari za kula, kulala na kufunga milango. Mama yako mdogo Goreti ameishi Houston miaka mingi kuliko sisi tulivyoishi huku. Mitaa ya Alief anaijua, na kazi ya kutunza wazee kule Sugar Land ameifanya hadi mgongo umeanza kumlalamikia. Mambo ya kila siku atakuonyesha yeye. Mimi nina jambo moja ambalo hawezi kukuambia, kwa sababu hakuwepo.

Naandika kwa Kiswahili nikijua utasoma polepole, ukitamka kila neno kwa sauti kama ulivyokuwa ukisoma misale ya Bibi. Ni sawa. Kwa Kiingereza ungepitisha macho mara moja, ukakunja karatasi, ukasema umeelewa.

Nataka kukusimulia habari ya Bibi na meloni zake. Utasema unaijua, maana sehemu kubwa uliishika kwa mikono yako. Lakini unaijua kutoka upande wako. Upande wangu sijawahi kuusema.

Bibi yako Sesilia alifika uwanja wa ndege wa Dallas mwaka 2017, majani ya miti yakianza kudondoka. Tulikuwa tumemwacha kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma miaka mingi, kila tukiambiwa zamu yake imekaribia inarudi nyuma tena. Baba yako alimpigia magoti palepale kwenye marumaru, watu wakimzunguka na masanduku yao ya magurudumu. Mama yake akamwekea mkono kichwani akasema, "Inuka, unazuia njia." Wewe ulicheka sana. Hukuwa unamkumbuka vizuri, na nadhani ulimpenda kuanzia hapo.

Tulikuwa tunakaa Euless, ghorofa ya chini, ndege zikipita juu ya paa hadi vikombe vinagongana kabatini. Mimi nilikuwa nasafisha vyumba hotelini, baba yako anapakia mizigo ghalani, wewe uko shule. Bibi alibaki ndani. Nilimwambia asimfungulie mtu yeyote mlango. Nilidhani namlinda. Mwanamke aliyelima tangu akiwa binti, aliyekimbia vita mara mbili na kila alikofika akaomba kwanza jembe, nilimfungia ndani na televisheni inayosema lugha asiyoijua. Nikirudi jioni nilimkuta amekaa ukingoni mwa kochi kama mgonjwa anayengoja jina lake liitwe.

Siku moja nilimchukua twende dukani. Penye matunda alisimama. Akaokota meloni moja, akaigeuza, akainusa kule chini kwenye kitovu chake, akafumba macho.

"Hizi ni za masista," akasema.

Sikujua habari hiyo hata mimi niliyeolewa na mwanawe. Baba yake alikuwa mtunza bustani wa masista kule Burundi, parokiani kwao, enzi za Wabelgiji. Masista walikuwa wakilima meloni za kula wenyewe na za kumpa askofu akija. Watoto wa mtunza bustani hawakupewa tunda. Walipewa maganda wakawape mbuzi, na njiani walikuwa wakiyalamba. "Utamu wake niliupata kwenye maganda," akaniambia pale dukani, ameikumbatia ile meloni. "Lakini harufu hakuna aliyeweza kuninyima."

Tuliinunua. Alikula nusu nzima peke yake, mezani, bila kumkaribisha mtu, na Bibi hakuwa mtu wa kula bila kukaribisha. Mbegu alizikusanya, akazisugua kwa vidole hadi utelezi ukatoka, akazianika kwenye sahani dirishani.

Majira ya baridi yalipokwisha alizipanda kando ya ukuta wa jengo, kwenye ule ukanda wa udongo karibu na mashine za viyoyozi. Jembe hatukuwa nalo. Alichimba kwa mwiko. Miche ikatoka, ikaanza kutambaa kuelekea kwenye nyasi, na yeye akaanza kuzungumza mezani. Unakumbuka ilivyokuwa? Mtu aliyekuwa akijibu "ndiyo" na "hapana" tu akaanza kutupa habari za kila jani.

Sasa jambo ambalo hulijui. Msimamizi wa majengo alinisimamisha nikitoka kazini. Alikuwa mtu wa adabu, sina la kumlaumu. Akasema yale majani hayaruhusiwi pale, wakataji nyasi wakija watapita nayo, afadhali nimwambie mama ayatoe. Nikasema ndiyo. Kiingereza changu kilitosha kuelewa, usije ukanitafutia kisingizio hapo. Nikaingia ndani nikamkuta Bibi anasuuza kopo lake la kumwagilia huku anaimba. Nikajiambia nitamweleza kesho. Kesho yake nikajiambia kesho.

Wakataji nyasi walikuja siku yangu ya mapumziko. Niliisikia mashine ikiwashwa. Nilikuwa nakunja nguo, na niliendelea kukunja. Nilipotoka nje Bibi alikuwa amesimama na kopo lake limejaa maji, anaitazama mashine ikipita mara ya pili mahali ambapo hapakuwa tena na kitu. Kijana aliyekuwa akiiendesha alimpungia mkono. Bibi akampungia pia. Kisha akanigeukia.

"Ulijua?"

"Nilijua, Mama."

"Basi ungeniambia, nikazing'oa mwenyewe."

Hakumwambia hata baba yako. Alimwaga maji yale palepale, taratibu, kama vile kitu bado kipo, akaingia ndani. Kuna watu wanaosema uongo, Nadine, na kuna watu kama mimi, tunaonyamaza tukaacha mashine ije iseme badala yetu. Ukiniuliza ni wepi wabaya zaidi, mwongo angalau amejisumbua kufungua mdomo.

Baba yako ndiye aliyetutoa Euless. Alisema mama yake hawezi kumaliza siku zake akitazama zege. Akatafuta hadi akapata hii nyumba ya kupanga hapa Grand Prairie, paa linavuja, jiko bovu, lakini uwanja wa nyuma mpana. Udongo wake uliwashangaza wote wawili. Ni mweusi, ukilowa unashika viatu kama gundi, ukikauka unapasuka hadi kidole kinaingia. Baba yako akaazima gari la rafiki yake, akaleta mchanga na mifuko ya mboji, wakachanganya Jumapili nzima baada ya misa, mama na mwana, wakibishana kwa Kirundi kama watu wenye umri mmoja. Na kila asubuhi kabla ya kwenda ghalani alikuwa akikibeba kiti cha Bibi na kukiweka nje, si mahali penye kivuli wakati ule, bali mahali ambapo kivuli kingefika jua likipanda. Nakukumbusha hilo kwa sababu huko mbele nitamsema vibaya, na sitaki umsahau yule wa kiti.

Mwaka huo, 2019, Bibi alipanda mbegu alizozibakiza. Alipandia kwenye vituta, tatu tatu, na miche ilipotoa majani ya pili akachukua mkasi wangu wa jikoni akaanza kukata miwili na kuacha mmoja. Wewe ukamshika mkono. Ulisema kwa Kiingereza kwamba huo ni ukatili, na mimi nikamtafsiria.

"Mwulize anataka nifanye nini," akasema. "Niiache yote mitatu ife pamoja kwa adabu?"

Ulikasirika, lakini kesho yake nilikuona unaikata wewe, kwa mkasi, ukiushika mche unaobaki usitikisike mizizi. Alikuwa amekuonyesha nikiwa kazini. Mambo mengi alikuonyesha nikiwa kazini.

Na mimi nikaziharibu tena, safari hii kwa wema. Nilikuwa nikirudi kazini navuta mpira wa maji nazimwagilia hadi udongo unaelea. Matunda yalikuwa yameshaanza kuvaa ule wavu wake juu ya ganda, na joto la hapa unalijua, majani yananyong'onyea mchana kama yamekufa. Niliyahurumia. Lakini nikisema ukweli, nilikuwa najaribu kuifuta Euless kwa maji. Bibi aliniambia mara moja, "Acha zisikie kiu kidogo," nikadhani ni ukali wa watu wa zamani. Meloni zikawa kubwa, zikapasuka, na zile ambazo hazikupasuka tulizikata mezani siku uliyomwalika rafiki yako. Bibi alitafuna kipande chake, akameza.

"Tango," akasema, akachukua kipande kingine, maana kwake chakula hakikutupwa.

Mlicheka wote. Mimi pia nilicheka. Halafu nilikwenda chumbani nikakaa.

Majira ya kuchipua ya 2020 shule yako ikafungwa na hoteli ikatupunguza. Mimi nikapata kazi kiwandani, kufungasha vyakula, bega kwa bega na watu waliokuwa wakikohoa ndani ya barakoa. Aliyeugua aliambiwa akae nyumbani, lakini aliyekaa nyumbani hakujua kama atakuta nafasi yake. Baba yako aliendelea na ghala. Wewe na Bibi mkabaki peke yenu mchana kutwa. Nilikuwa nawaonea wivu, nikwambie tu.

Ni wewe uliyegundua kwa simu yako kwamba mbegu za tunda la dukani hazizai tunda kama la mama yake, kwa sababu zimechanganywa kutoka kwa wazazi wawili tofauti. Ulimweleza Bibi kwa Kiswahili chako cha kuokoteza, mikono ikisaidia. Akasema, "Kumbe miaka miwili nalea watoto wasiomjua mama yao." Ukaagiza pakiti ya mbegu za aina ya zamani, zile zinazofanana vizazi na vizazi. Mkazilowesha, mkazipanda kwenye vikombe vya karatasi dirishani pa jikoni, na udongo ulipopata joto mkazihamishia nje mkichana kikombe kwa uangalifu kama watu wanaofungua bandeji. Bibi akakufundisha ua dume na ua jike, kwamba jike lina kitufe kidogo nyuma yake tangu mwanzo, kabla hata halijajua kama litazaa. Nyuki walikuwa wachache. Mlikuwa mkilichuma dume asubuhi mkalipeleka kwa jike wenyewe. Nilikuta mnacheka peke yenu, na hamkutaka kuniambia mnacheka nini.

Matunda yalipoanza kuvaa wavu, Bibi alifunga bomba kwa mkono wake mwenyewe na kunitazama. Sikugusa maji.

Sasa nafika pale ambapo mimi na wewe tumekuwa tukipazunguka tangu Julai.

Bibi alianza kukohoa mwishoni mwa Juni. Siku chache kabla yake ulikuwa umekwenda kwenye sherehe ya wenzako ya kumaliza shule, uani kwa watu, baba yako amekukatalia na mimi nimekuruhusu kwa kunyamaza. Siku hizohizo mwanamke aliyekuwa akisimama kulia kwangu kiwandani hakuja kazini, na wa kushoto akaja ana homa. Siku hizohizo ghalani kwa baba yako waliondoka watu wa zamu nzima. Milango ya nyumba hii ilikuwa mitatu, na yote ilikuwa wazi. Ugonjwa uliingia kwa mmoja. Upi, sijui. Hujui. Daktari nilimwuliza, akasema hakuna njia ya kujua, na hata ingekuwepo, yeye mwenyewe asingependa kujua.

Tuliugua wote. Sisi watatu tulilala tukaamka. Bibi, watu wa gari la wagonjwa walikuja kumchukua, na hawakuturuhusu kwenda naye. Alitolewa kwenye mlango huu akiwa ameshika rozari na kitambaa cha kichwani hakijakaa vizuri, na mimi nilitaka kukirekebisha wakaninyooshea mkono nirudi nyuma. Hicho kitambaa nakiona zaidi kuliko uso wake.

Mungu alimpa neema moja, muuguzi Mkenya aliyeweza kuzungumza naye. Mama yule alitupigia kwa simu yake mwenyewe, sauti imechoka, akasema, "Mama mzee anawaulizia, ongeeni naye taratibu, asichoke." Baba yako alikuwa akilia. Wewe ulikuwa umelala na homa. Simu nikaishika mimi. Nilitegemea ataniuliza habari zenu.

"Zimeanza kunukia?" akauliza.

Nadine, mimi niliposhika simu ile nilikuwa sisikii harufu ya kitu chochote. Hata vitunguu, hata dawa ya kuoshea choo. Nilikuwa nimetoka nje asubuhi ile nikainama juu ya vituta, nikavuta pumzi, hakuna. Kwa hiyo nilimjibu kwa haki kabisa.

"Bado, Mama."

"Basi zisubirini," akasema. "Zisichumwe kabla."

Zilikuwa zimeiva. Zilikuwa zimeiva labda siku kadhaa. Tunda la aina ile likiwa tayari linajitenga lenyewe kwenye kikonyo, ukiligusa linabaki mkononi. Hayo wewe uliyajua, mimi sikuyajua, na wewe ulikuwa kitandani. Nilijua njia moja tu, ya Bibi, ya pua. Nikamwambia bado, akafa akiamini bado.

Tulimzika watu wachache tukiwa tumesimama mbali mbali kama tumegombana. Padre alisoma sala haraka. Kwetu msiba ni watu kujaa nyumbani, kulala chini, kupika vyungu vikubwa, mtu asiachwe peke yake na mawazo yake. Wenzetu wa parokia walituwekea chakula mlangoni, wakabonyeza kengele, wakapunga mkono wakiwa ndani ya gari. Siwalaumu. Lakini tuliachwa peke yetu na mawazo yetu, na umeona yalivyotufanya.

Ilikuwa baada ya mazishi ndipo yule jirani wa ng'ambo ya uzio aliponiita, akiwa na barakoa, mwenye aibu. Akasema samahani kwa msiba, lakini kuna kitu kinanuka sana uani kwenu na nzi wamejaa kwake. Nikatoka nikaona. Zilikuwa zimelala zimepasuka, sisimizi na nzi juu yake, nyingine zimekuwa uji. Sikuwa nimesikia chochote. Tulikuwa tumelala siku zote hizo madirisha wazi.

Moja ilikuwa bado nzima, chini ya majani. Niliileta jikoni nikaikata. Ndani ilikuwa rangi ya machungwa, maji yake yakatiririka hadi kiwiko. Ulikula wewe, nikala mimi. Ilikuwa kama kutafuna sifongo lenye maji ya uvuguvugu. Ulinitazama ukaniuliza, "Ni tamu?" Nikasema sijui. Ukala kipande kingine, na kingine, unalia, unaitafuta. Mwaka ule mmoja ambao kila kitu kilifanywa sawasawa, mbegu sawa, kiu sawa, hakuna mtu duniani aliyeonja kujua kama ilikuwa tamu.

Hapo ndipo baba yako alipoingia uani na sepeto.

Alianza kung'oa. Wewe ulitoka ukiyumba ukashika mashina, ukamwambia aache, hiyo ni ya Bibi. Nilikuja nyuma yako na mifuko myeusi ya taka, kwa sababu niliona kazi inaanza na mimi nikiona kazi nachukua chombo. Akakwambia lile neno. Sitaliandika lote. Nitaandika nusu tu ili ujue kwamba nililisikia, maana najua umejiuliza kama nililisikia: kwamba sherehe yako ndiyo imemzika mama yake.

Ulinigeukia. Hukumtazama yeye, ulinitazama mimi.

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo yote haya ninayokuandikia, kuhusu wa kulia na wa kushoto kiwandani, kuhusu zamu ya ghalani. Nikafungua mdomo wa mfuko. Wangu niliufunga. Nilimshikia mfuko akatumbukiza majani na matunda yaliyooza, na wewe ukaingia ndani.

Nimejiuliza kwa nini. Nilijiambia kwamba ana msiba, kwamba si wakati wake, kwamba mwanamke hamsemi mumewe siku kama ile. Yote hayo ni kweli na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Sababu ni kwamba muda wote alipokuwa akikutazama wewe, hakuwa akinitazama mimi. Ukibeba wewe, sibebi mimi. Mama yako alikupima uzito papo hapo, akakuacha ubebe. Wewe ulikuwa bado unatembea ukishikilia ukuta kwa ugonjwa ule.

Sikuandikii ili unisamehe. Kama unaona ugumu, kaa nao. Goreti ameniambia uliwahi kumwambia kwa simu kwamba hutarudi huku hata Krismasi, na nilipomwuliza akasema nisikulazimishe. Sitakulazimisha. Nilitaka tu usiende Houston ukidhani kwamba mama yako aliamini lile neno. Sikuliamini hata kwa nukta moja. Nilinyamaza tu, na sasa najua kwamba kwako vilikuwa kitu kimoja.

Huko unakokwenda utafanya kazi ya wazee pamoja na masomo, na siku moja kitatokea kitu na watatafuta wa kumbebesha. Mara nyingi ni yule mgeni, au yule mdogo. Sijui utafanya nini. Mimi sina mfano wa kukupa, nina huu tu wa kinyume chake.

Harufu ilinirudia mwezi huu. Unajua ilinirudia wapi? Kiwandani, kwenye ndoo ya klorini. Nilisimama nikainusa hadi msimamizi akaniuliza kama nina akili zangu.

Sasa nikueleze ya leo. Ulipotoka kwenda kusukwa nywele, nilimfuata baba yako sebuleni nikazima televisheni.

"Baba Nadine, mwambie mtoto kabla hajaondoka."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba hujui. Wewe hujui, mimi sijui, na waliosoma hawajui."

Akasema, "Nikisema sijui, basi mama yangu amekufa bure."

"Amekufa," nikamwambia. "Ikiwa ni bure au si bure, mtoto huyu si wa kulipia."

Hajawahi kunisikia nikisema naye hivyo. Alinitazama kama mtu aliyekuta mlango mpya ndani ya nyumba yake. Nilidhani atapiga kelele. Aliinuka tu, akachukua funguo, akatoka. Nikamwona dirishani amefungua boneti ya gari. Amepima oili, amejaza maji, amekwenda kutia upepo tairi zote hata ya akiba, amerudi, ameanza kufuta vioo kwa shati lake la zamani. Bado yuko nje ninapoandika. Ukirudi utamkuta huko, na atakuuliza kama una njaa.

Namjua baba yako. Anaamini ameshakuomba radhi. Usipokee tairi badala ya neno, Nadine. Mimi nimepokea tairi miaka ishirini, na unaona nilivyokuwa.

Kesho ni safari ya mwendo wa saa nne hadi kwa Goreti. Nilikuwa nimesema sitakwenda kwa sababu ya zamu. Nimewapigia kiwandani nikawaambia siji. Nitakaa nyuma pamoja na wewe, yeye aendeshe. Tukishatoka mjini na barabara ikinyooka nitamwuliza, mbele yako, kama kweli anajua ugonjwa uliingia kwa mlango upi, na nitaendelea kumwuliza hadi ajibu au hadi Houston. Gari halina uani pa kutokea. Wewe huna haja ya kusema kitu. Tazama dirishani ukitaka.

Nitakuwa nasema mimi.

Mama yako,
Eujenia